Jioni ya wazazi: ukumbi ulijaa, hela ziko wapi?

#1 Katibu_Mchovu
Wakuu, habari zenu. Mimi ni katibu wa kamati ya wazazi na nimetwishwa tena kazi ya kuandaa jioni ya kuchangia shule. Mwaka jana tulifanya. Watu walicheza mpaka wenye ukumbi wakaanza kutuzimia taa moja moja. Viti 160, vyote vilikaliwa, nilihesabu mwenyewe. Siku mbili baadaye mweka hazina akatusomea kilichobaki. Hakikutosha hata rafu za maktaba, achilia mbali vitabu vya kupanga juu yake. Mzazi mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kama si afadhali tungepitisha bahasha siku ya kuchukua ripoti halafu kila mtu akalala mapema. Sikuwa na jibu.

Safari hii nataka kujua hela ilikwenda wapi kabla sijamwomba mtu anunue tiketi. Mliowahi kuandaa, shughuli hizi huwa zinavujia wapi?

#2 BabaMapacha
Tiketi ilikuwa rahisi mno. Uzi ufungwe.

#3 MamaWawili
@BabaMapacha bei yenyewe hujaambiwa, ushafunga uzi.

Mtoa mada, mimi nalaumu lengo. "Kuchangia shule" haimgusi mtu, kila mtu anajua tayari analipa ada. Mwaka wetu tuliandika kwenye tiketi "viti 40 vya darasa la kwanza" basi, halafu tukaweka kiti kimoja kibovu pale mlangoni, mguu wake umefungwa waya. Kila aliyeingia ilibidi akizunguke. Mgeni rasmi aliongea dakika ishirini na sikumbuki hata sentensi moja, ila kile kiti mpaka leo watu wanakitaja.

#4 Mhasibu_Mstaafu
Kabla hatujafika kwenye hisia, tupige hesabu. Nitatumia namba tupu, kila mtu atie fedha ya kwao.

Ukumbi 300, muziki 150, mapambo na uchapishaji 50. Jumla 500, na hiyo utailipa hata asipokuja mtu. Chakula 4 kwa kila kichwa. Tiketi 10. Maana yake kila anayeingia anakuachia 6, si 10. Gawa 500 kwa 6, unapata 83 na ushee. Kwa hiyo watu 83 wa kwanza wote wanamlipia mwenye ukumbi na mpiga muziki. Shule inaanza kupata kuanzia mtu wa 84, tena nusu nusu. Kamati nyingi huzidisha tiketi mara idadi ya viti, wanashangilia, wanaagiza maua zaidi.

#5 Mwl_Chaki
Mzee @Mhasibu_Mstaafu shikamoo, lakini umetusahau. Walimu huwa tunaalikwa bure, na tunakula. Tena tunakula vizuri.

#6 Mhasibu_Mstaafu
Marahaba mwalimu. Kweli, nimekosea. Tuseme walimu 15 mara 4, hiyo 60 inaongezeka kwenye gharama, inakuwa 560. Sasa shule inaanza kupata kwa mtu wa 94.

Na hapa @BabaMapacha ana hoja japo hakuifafanua. Wakiingia walipaji 120 kwa tiketi ya 10, unabaki na 160. Panda mpaka 12, hata ukipoteza watu 20 wakabaki 100, unabaki na 240. Wachache wamekuja, kingi kimebaki.

#7 BabaMapacha
Asante mzee. Kumbe nina akili.

#8 Pembeni
Hao 20 waliopotea ni kina nani, mzee? Naomba mjibu hilo kabla ya kupandisha bei. Nitarudi.

#9 Sauti_ya_Ukumbini
Mimi kazi yangu ni ushereheshaji, hizi shughuli za wazazi nimezishikia kipaza sauti mara nyingi tu. Bei na lengo sawa, lakini jioni nyingi zinaharibikia kwenye ratiba. Mtoa mada, mnada wenu mliuweka saa ngapi?

#10 Katibu_Mchovu
Baada ya chakula. Mgeni rasmi alichelewa, hotuba ikasogea, chakula kikasogea. Mnada tulianza kama saa tano kasoro usiku.

#11 Sauti_ya_Ukumbini
Ndiyo hapo. Saa tano kasoro mzazi anawaza nani anamlalia mtoto nyumbani. Wenye uwezo, ambao ndio uliowategemea, huwa wanaondoka mapema, wanapungia mkono kutoka mlangoni. Unabaki na vijana wanaosubiri muziki. Mnada unawekwa watu wakiwa wamekaa, wameonja kitu kidogo, chakula kikubwa bado. Mwenye njaa anakasirika, aliyeshiba anasinzia. Katikati yake kuna kama dakika arobaini, na humo ndimo mlimo na hela.

Jambo jingine, vitu visizidi vitano au sita. Niliwahi kupewa orodha ya vitu 23. Kufikia cha tisa nilikuwa nanadi na kamati tupu, wananunua kwa kuona haya.

#12 Kalamu_Nyekundu
Mnada umenikumbusha. Shule ya mwanangu walinadi mchoro wa darasa la awali, kitambaa kikubwa, kila mtoto amechovya kiganja kwenye rangi na kukibandika, jina chini. Bei ikapanda, ikapanda, wamebaki wawili, mmoja kakaa karibu na jukwaa na mwingine kasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Mshereheshaji anachochea, ukumbi mzima unapiga makofi. Wa nyuma akashinda. Anakuja mbele kuchukua, kumbe ni mume wa yule wa mbele. Alikuwa ametoka kupokea simu, akarudi akaanza kutaja bei bila kujua anashindana na mkewe. Walilipa karibu mara mbili ya pale walipokuwa wamebaki peke yao. Shule ilifurahi. Kurudi nyumbani sijui ilikuwaje, ila walikuja na gari moja.

#13 MamaWawili
@Kalamu_Nyekundu nimecheka mpaka mtoto ameamka 😂😂

#14 Sauti_ya_Ukumbini
@Kalamu_Nyekundu huyo mshereheshaji aliona. Tunaona. Tunanyamaza.

#15 Msomi_wa_Usiku
Ndiyo maana wengine hufanya mnada wa karatasi. Vitu vinapangwa mezani, kila kimoja na karatasi yake, mtu anaandika dau lake kimya kimya, anaangalia aliyemtangulia anaongeza, mpaka saa iliyotangazwa. Hakuna kelele, na mwenye aibu anapata nafasi. Kuna na namna ya bahasha, William Vickrey aliiandikia mwaka 1961: kila mtu anatoa dau lake kwa siri, aliyetoa kubwa anashinda lakini analipa dau la wa pili. Faida yake ni kwamba huna sababu ya kudanganya, unaandika thamani unayoiona wewe. Mwaka 1996 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi, akafariki siku tatu baada ya kutangazwa.

#16 BabaMapacha
Sasa sisi tunachangisha, wewe unaleta mnada wa kumpunguzia mshindi bei. Hiyo bahasha ya pili iwekwe mbali na kamati yetu.

#17 Msomi_wa_Usiku
Hapo umenishika. Kwenye kuchangisha mtu analipia na kule kuonekana kwake.
Ila kushinda mnada si lazima iwe heri. Mwaka 193 walinzi wa kaisari kule Roma walimuua kaisari wao wakaunadi utawala. Didius Julianus akatoa dau kubwa, akapewa. Alitawala siku 66 akauawa.

#18 Sauti_ya_Ukumbini
Na mshereheshaji wa siku hiyo nina hakika hakulipwa.

#19 Katibu_Mchovu
Wakuu turudi. Nimetoka kumpigia mweka hazina, kafungua daftari. Tiketi zilizouzwa ni 112.

#20 Mhasibu_Mstaafu
Na waliokaa 160? Hao 48 ni akina nani?

#21 Katibu_Mchovu
Walimu 20. Kamati na waliojitolea jikoni, mlangoni na kwenye parkingi, 16. Inakuwa 36. Wamebaki 12 ambao hatuwajui.

#22 Mhasibu_Mstaafu
Basi mwanangu hela umeipata ilipo. Chukua namba zangu za mfano. Walipaji 112 mara 6 ni 672. Toa 500 ya ukumbi na muziki, inabaki 172. Wasiolipa 48 mara 4 ni 192. Umemaliza na upungufu wa 20. Ukumbi umejaa na una deni. Kilichowaokoa nyinyi ni mnada, hata huo wa saa tano.

#23 MamaWawili
Mnh. Hiyo hesabu imenikaa vibaya. Waliojitolea jikoni usiku mzima na wao tuwahesabu kama hasara?

#24 Mhasibu_Mstaafu
Sijasema wasile, mama. Nasema waandikwe kwenye bajeti kabla ya siku yenyewe. Chakula cha bure kina gharama kama chakula kingine.

#25 Kalamu_Nyekundu
Mimi nataka hao 12. Mliuza tiketi za namna gani? Kama ni picha mnatumiana kwenye simu, nimekupa jibu. Mtu ananunua moja, anaituma kwa shemeji yake. Mlangoni wanaonyesha wote wawili, mlinzi mlango anasema karibuni.

#26 Katibu_Mchovu
Hapana, zilikuwa za kitabu. Unachana, kishina kinabaki. Vitabu vitatu vya tiketi 60 kila kimoja, vikagawiwa kwa wajumbe watatu.

#27 Nuru_ya_Mlangoni
Niliwahi kukaa mlangoni, niwaambie inavyokuwa. Saa ya kwanza unakuwa mkali, kila tiketi unaichana kona. Saa ya pili inaanza foleni, nyuma kuna mama kabeba mtoto, mbele kuna mtu anapekua mkoba. Saa ya tatu muziki umeanza na wewe unataka kuingia. Wenzako wanakuambia "waache tu, wote wazazi". Mimi niliacha. Huenda mnaowatafuta wameingia kwa mlango wa mtu kama mimi.

#28 BabaMapacha
Au alihesabu viti, si watu. Mkoba ukiwekwa kwenye kiti si umekaliwa?

#29 Katibu_Mchovu
@BabaMapacha nilihesabu vichwa.

#30 BabaMapacha
Na vichwa vya watoto? Kila shughuli ya watu wazima ina watoto kumi chini ya meza.

#31 Katibu_Mchovu
...Watoto walikuwepo. Sikumbuki kama niliwahesabu.

#32 Mhasibu_Mstaafu
Wakati mnawatafuta watoto, nisaidieni hili: fedha taslimu zilihesabiwa na nani, saa ngapi, mbele ya nani? Simshuku mtu. Lakini nimeona sanduku la viatu limejaa noti limeondoka ukumbini kwenye gari la mtu mmoja mwaminifu sana, na mwaka mzima yule mwaminifu akawa anasemwa, hana cha kujitetea nacho. Wahesabu wawili wasio ndugu, palepale, jumla iandikwe na wote wasaini, bahasha ifungwe ndipo itoke. Na chenji ya kuanzia iandikwe kabla mlango haujafunguliwa. Hii ndiyo husahaulika. Unaanza na 50 ya chenji, mwisho unaihesabu kama mapato, mwenye chenji yake akiidai unaona umeibiwa.

#33 Katibu_Mchovu
Chenji ilitoka mfukoni kwa mwenyekiti. Alirudishiwa asubuhi. Sasa sijui ilitolewa kwenye jumla kabla au baada ya kuandikwa.

#34 Mhasibu_Mstaafu
Umeona.

#35 Zizi_la_Ahadi
Mnachambua tiketi, mmesahau ahadi. Kwetu mnadani watu wanataja namba, makofi, "nitaleta Jumatatu". Jumatatu ya mwaka gani haijulikani. Nilipewa kazi ya kuzifuatilia. Mmoja aliniambia alikuwa anatania, mwingine hapokei simu mpaka leo na tunakutana getini kila asubuhi, ananisalimia vizuri kabisa. Mtoa mada, angalia kama hiyo jumla aliyoisoma mweka hazina ni ya iliyolipwa au iliyoahidiwa. Dawa yetu ilikuwa meza ya malipo kando ya jukwaa: umeshinda, unalipa au unasaini ndipo unakichukua.

#36 Kibubu
Mimi nashangaa mnahangaika na ukumbi. Kila familia ipangiwe tiketi mbili za lazima, asiyekuja alipe faini. Mtaona ukumbi unavyojaa.

#37 Msomi_wa_Usiku
@Kibubu faini iogope. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti mwaka 2000 kuhusu vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto. Baadhi ya vituo vikaweka faini ndogo. Waliochelewa wakaongezeka! Kabla ya faini mzazi alikuwa anaona haya kumchelewesha mwalimu, baada ya faini akaona amelipia muda wake. Faini ikaondolewa, uchelewaji ukabaki palepale juu. Haya ikishaondoka hairudi kwa tangazo. Ukiweka faini ya kutokuja, umewauzia watu ruhusa ya kutokuja.

#38 Kibubu
Sawa, lakini hiyo faini si inaingia shuleni? Wasije, walipe. Mimi sioni tatizo 😅

#39 Mhasibu_Mstaafu
Kwa hesabu kavu, @Kibubu yuko sahihi. Asiyekuja hali.

#40 Pembeni
Nilisema nitarudi. Nimesoma kote. Mimi ndiye mmoja wa wale 20 waliopotea @Mhasibu_Mstaafu alipopandisha tiketi kutoka 10 kwenda 12.

Nawaambieni jinsi jioni hizi zinavyoonekana kutoka huku. Tiketi ni moja tu ya gharama. Kuna wa kuniangalizia watoto, kuna usafiri wa kurudi usiku, kuna nguo, maana mwaka juzi walitangaza rangi ya kuvaa na mimi rangi hiyo sina. Nikifika nakaa meza ya mwisho. Unaanza mnada, na mshereheshaji, samahani kaka @Sauti_ya_Ukumbini, anapita na kipaza sauti: "meza ya kona mmelala?" Natabasamu. Naangalia simu kama nimeitwa. Nilikwenda mara moja. Mwaka uliofuata nilinunua tiketi na sikwenda, nikaona ni nafuu.

Nawapenda wale wazazi. Tungekuwa tunakutana siku ya Jumamosi mchana uwanjani, kila mtu na mkeka wake, ningekuja kila mwaka, ningepanga na viti.

#41 Sauti_ya_Ukumbini
Dada @Pembeni, "meza ya kona" nimeisema mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sikuwahi kuwaza ilikuwa inamfikia nani. Pole.

#42 MamaWawili
Hapa ndipo nilipotaka tufike. Tunabebesha usiku mmoja kazi mbili zisizopatana. Moja wazazi wafahamiane, hiyo inataka bei ya chini na watu wengi. Ya pili hela, hiyo inataka wachache wenye nazo. Ukichanganya unapata ukumbi uliojaa na rafu hakuna. Fanyeni mkutano wa bure mchana, na barua ya mchango ipelekwe kimya kimya kwa wenye uwezo.

#43 BabaMapacha
Sikubaliani. Wenye uwezo ukiwatumia barua wanaisoma halafu wanaiweka. Wanatoa wakionana. Usiku ule ndio unaowatoa.

#44 Mwl_Chaki
Na sisi walimu tutakula wapi?

#45 Zizi_la_Ahadi
Sisi tulijaribu njia ya kati. Tiketi bei mbili, ya kawaida na ya mfadhili, zinafanana rangi, kiti ni kilekile. Anayenunua ya mfadhili anajua mwenyewe. Zilinunuliwa kuliko tulivyotegemea. Ila mwaka wa pili mjumbe mmoja akashauri wafadhili wapewe meza ya mbele yenye maua, na pale ndipo ilipokufa.

#46 Kalamu_Nyekundu
Jamani na bahati nasibu hamjaigusa. Mtu anakata tikiti ndogo ya bei ndogo, hahitaji kunyoosha mkono mbele za watu, dada @Pembeni angeshiriki bila kuonekana. Zawadi ziombwe, zisinunuliwe.

#47 Mhasibu_Mstaafu
Nzuri, ila ulizeni kwanza sheria ya mlipo. Sehemu nyingi kuuza bahati nasibu kwa watu kunataka kibali, hata kama ni ya shule. Ulizeni kabla ya kuchapisha. Hata muziki wa kurekodiwa kwenye ukumbi wa kulipia, sehemu nyingi una ada ya wenye haki zake.

#48 Kibubu
Mzee kila furaha una risiti yake.

#49 Katibu_Mchovu
Wakuu, nimejifunza kuliko vikao vyote vya kamati. Nina taarifa mpya. Kitabu cha tatu cha tiketi kilichosemekana hakikutumika, nimekikuta leo kwenye kabati la ofisi ya wazazi, chini ya bendera za michezo. Kimechanwa tiketi saba. Vishina vina majina ya kwanza tu, kwa penseli.

#50 BabaMapacha
Saba kutoka 12, wamebaki watano.

#51 Sauti_ya_Ukumbini
Watano hao ni timu ya muziki. Huwa tunakuja watano na tunakaa kwenye viti vyenu, hakuna anayetuhesabu mpaka chakula kiishe. Sikuwa mimi kwenu lakini ni walewale.

#52 Nuru_ya_Mlangoni
Au ni watoto wa @BabaMapacha chini ya meza.

#53 Mhasibu_Mstaafu
Acheni hao watano. Hela ya hizo tiketi saba iko wapi?

#54 Katibu_Mchovu
Nimeuliza kwenye grupu la kamati tangu saa nane mchana. Tiki zote zimegeuka buluu. Mwenyekiti ameanza kuandika, akaacha, akaanza tena, akaacha.